Karatasi ya kufutwa jeshini: namna ya kuomba irekebishwe

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama kwenye mkutano wa mwezi, Base ya Kamina. Tumeyaandika kama yalivyosemwa. Tumetoa tu maulizo ya katikati.)

 

Nimeombwa niseme juu ya jambo linalofika kwenye meza yangu karibu kila juma. Papa mmoja anaingia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Alikuwa soda. Karatasi inasema amefutwa jeshini kwa mwenendo mubaya, ao kwa kuacha kazi bila ruhusa. Anauliza: inaweza kubadilishwa? Jibu langu ni hili: mara moja moja, ndiyo. Lakini inategemea ni karatasi gani, nani aliisaini, na ulipewa tarehe gani. Tarehe ndiyo inaua dosiye nyingi kuliko kosa lenyewe.

Hapa Base tunaitana wote "ba-ex," na mahali penyewe panaeleza kwa nini. Wabelgiji walijenga Base baada ya vita kuu ya pili. Mu 1960 ONU ikaingia. Baada ya mapatano ya Sun City brassage ikaletwa hapa, na watu waliokuwa wanapigana wakalala mu kambi moja, wakatoka na uniforme moja. Mu 2014 tena Base ikawa moja ya kambi tatu za kukusanya wapiganaji wa zamani, pamoja na Kitona na Kotakoli. Kwa hiyo mtu akisema "nilitoka jeshini," bado hajasema kitu. Alitoka kwa mlango gani?

Kuko mwenye alitoka kwa demobilizasio. Huyo alipita kwa CONADER, akapewa kadi, dola 110 za kutoka, na dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Huyo hakufukuzwa. Akipoteza kadi, shida yake ni ya kadi, si ya jina lake.

Kuko mwenye alifutwa kwa uamuzi wa wakubwa, bila tribinali. Wengi wenu muko humo. Mara nyingi mtu anajua siku solda haikufika: anakwenda kwenye malipo, wanaangalia liste, matrikile yake haiko.

Kuko mwenye alihukumiwa na tribinali ya kijeshi. Sheria namba 024/2002 ya tarehe 18 mwezi wa 11 mwaka 2002 inaruhusu hata degradasio, yaani kuvuliwa cheo na haki ya kuvaa uniforme. Huyo asiandike barua ya kuomba huruma kwa mkubwa wa kikosi, atapoteza wakati bure. Hukumu inapingwa mbele ya tribinali ya juu, na siku za kukata rufaa ni chache sana, zinahesabiwa kwa vidole vya mkono. Zikipita, inabaki kutafuta avoka aone kama kuko jambo jipya lisilojulikana siku ya hukumu, ao kuomba msamaha wa Raisi wa Jamhuri, ambao katiba inamruhusu kuutoa. Lakini mjue vizuri: msamaha wa Raisi unapunguza azabu ao kuiondoa. Hausemi kwamba haukufanya.

Na kuko mwenye aliondoka tu. Hana karatasi yoyote. Kwako wewe mambo yaliisha zamani, lakini kwa jeshi unaweza kuwa bado mutoro, na kutoroka ni kosa mu sheria ile ile niliyotaja. Ndugu yangu, usiandike barua yoyote kabla ya kuona avoka. Barua ya kuomba inaweza kusomwa kama kukubali kosa, na wewe mwenyewe ndiye umeisaini.

Sasa nirudi kwa wale waliofutwa kwa uamuzi, juu ya hao ndio njia iko wazi kidogo.

Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 10 mwaka 2016, ile iliyopanga Conseil d'État na tribinali za mambo ya utawala, inasema hivi. Uamuzi wa kiongozi ukikuumiza, unamwandikia kwanza mwenye mamlaka, unamuomba auondoe ao aurekebishe. Una miezi mitatu tangu siku uliyojulishwa uamuzi ule, ao siku ulipotangazwa. Yeye naye ana miezi mitatu ya kujibu. Akinyamaza, kunyamaza kwake ni kukataa. Hapo ndipo unaweza kwenda mbele ya majaji, na kwa uamuzi wa viongozi wa serikali ya kati, majaji hao ni wa Conseil d'État, kule Kinshasa. Ukiruka barua ya kwanza na kukimbilia majaji, watakurudisha bila hata kusikiliza shida yako.

Kwa hiyo ulizo la kwanza ninalouliza mtu si "ulifanya nini?" Ninauliza: "Papa, nani alikupa hii karatasi mu mukono, na siku gani?" Wengi hawakupewa kitu. Waliambiwa kwa mdomo, mlangoni pa kambi. Kama haukujulishwa kwa maandishi, avoka mzuri anaweza kusimama juu ya jambo hilo na kusema saa haikuanza kuhesabiwa. Sisemi atashinda. Lakini kama ulipewa mu 2019, ukasaini, ukaiweka chini ya godoro, basi leo avoka atakuambia ukweli ambao hautaupenda.

Tena, barua itolewe na uthibitisho wa kupokelewa. Fotokopi yako ipigwe muhuri, na tarehe, na jina la aliyeipokea. Bila hiyo, haukuandika kitu.

Nitawapa mfano mmoja. Mwenyewe amekubali, na nimebadilisha mambo madogo asijulikane. Alikuwa serjan, alipita brassage hapa hapa. Mu 2017 alikuwa mu kikosi mbali na jamaa yake, iliyobaki upande wa Pweto. Munakumbuka ule mwaka: mapigano yalisukuma watu kuvuka mpaka wa Zambia, wakapokelewa Kenani, halafu wakapelekwa Mantapala. Bibi yake alivuka na watoto. Habari ikamufikia kwa simu ya jirani, nusu nusu: watoto wanne walionekana, wa tano hapana. Aliomba ruhusa, hakupewa. Akaacha bunduki kwa mwenzake, akaondoka usiku.

Alirudi kikosini mwenyewe. Hakuna aliyemukamata. Alipofika akamtukana komanda mbele ya watu. Miezi kisha, jina likatoka kwenye liste. Karatasi yenyewe aliipata mu mukono miaka kisha, alipokuwa anatafuta kazi ya ulinzi na kampuni ikamuomba kitu cha kuonyesha alivyotoka jeshini. Pale ndipo akasoma maneno yaliyoandikwa juu yake.

Barua yake ya kwanza ilikuwa imeandikwa na mtu wa barabarani, wale wanaokaa na mashini chini ya muti. Ilikuwa ya kurasa tatu. Ilisema anasingiziwa, hakufanya kosa lolote, ni ukabila, ni wivu. Nikamusomea polepole. Nikauliza: "Papa, uliondoka bila ruhusa?"

"Niliondoka."

"Siku ngapi?"

Akanyamaza. "Makumi tatu na moja."

"Na komanda, ulimutukana?"

"Nilimutukana. Lakini miye sikukimbia vita, mwana. Nilienda kutafuta batoto yangu."

Nikamwambia: basi, hayo ndiyo maneno ya barua. Anayeisoma kule juu ana dosiye ya kikosi mbele yake. Anajua siku 31. Ukisema haukuondoka, atafunga faili kwenye mstari wa kwanza, na ukweli wako wa watoto hatausoma. Barua ya pili ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Iliandika miaka yote ya kazi kabla ya 2017, bila azabu. Iliandika kosa, kwa hesabu yake. Iliandika sababu. Na iliomba kitu kimoja cha wazi: kwamba kufutwa kwa mwenendo mubaya kugeuzwe kuwa kuachishwa kazi kwa kawaida, huku miaka yake ikihesabiwa. Hakuomba kurudishwa mu jeshi. Mukiomba vitu vitano, munampa mkubwa nafasi tano za kukataa.

Na ushahidi ulitoka wapi? Kwa shirika hili. Ile fomu ya HCR ya kurudi kwa hiari, ile munaweka mu plastiki pamoja na kadi ya ubatizo, inaandika majina ya watu wa nyumba na walikotoka. Bibi yake alirudi Pweto na misafara iliyoanza mwisho wa 2021, na fomu anayo. Karatasi ya mukimbizi ikawa shahidi wa soda. Tulitia pia barua ya paroko, na maandishi ya mwenzake aliyeachiwa bunduki, kusema bunduki haikupotea. Hilo la bunduki ni kubwa sana. Mtu akiondoka na silaha, ao risasi zikipotea, tunaingia mu kosa lingine, na dosiye inabadilika rangi.

Barua imepokelewa, muhuri uko. Miezi mitatu ya jibu haijaisha.

Wageni wetu waliniuliza kama jambo hili ni la hapa tu. Hapana. Marekani mtu aliyeachishwa kwa mwenendo mubaya anaweza kuomba bodi ya jeshi lake ipandishe daraja la karatasi yake, mu miaka 15 tangu atoke. Mu mwezi wa 9 mwaka 2014 waziri wao wa ulinzi, Chuck Hagel, aliagiza bodi za kurekebisha kumbukumbu za jeshi ziangalie kwa makini maombi ya askari wa zamani ambao vita viliwaachia ugonjwa wa akili, hasa wale wa Vietnam, walioachishwa wakati ugonjwa huo haukuwa na jina. Mwaka ule ule, Human Rights Watch iliandika kwamba kule Kotakoli zaidi ya watu 100, wapiganaji wa zamani na bibi zao na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa. Mimi nikiona mtu ameandikwa "alitoroka kambi," nauliza kwanza kambi ilikuwa na chakula?

Lakini kuko mlango ambao sitaufungua, na heri niuseme mbele ya bamama wote. Wengine kati yenu mulikimbia Zambia juu ya watu wenye uniforme. Mtu aliyefutwa kwa kubaka, kwa kuua raia, kwa kuingiza watoto mu vita, asilete dosiye yake kwangu ili nimsaidie kusafisha jina. Hata sheria ya amnistia ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014, iliyosamehe mambo ya vita na ya uasi, ilikataa makosa hayo. Ana haki ya avoka kama mtu yeyote. Mfuko wa shirika hili si wake. Kuna wanachama wawili waliniambia ninagawanya watu. Sawa, nagawanya.

Jambo lingine, haraka. Kuna makomisionere, hapa na Lubumbashi, wanaouza karatasi mpya za jeshi, na muhuri, na sinyatire. Karatasi hizo zinafika kwenye ofisi, wanatafuta matrikile, haziingiliani, na sasa aliyekuwa amefutwa amekuwa mughushi. Hata dosiye yake ya kweli haitasomwa tena. Mama mmoja mjane aliuza mbuzi wote kununua karatasi kama hiyo ya bwana yake aliyekufa. Nilikuwa na kazi ya kumueleza.

Kwa wafadhili, hesabu yetu si kubwa, lakini haifanani na zile munazozoea. Hatuombi mabati wala mbegu. Tunaomba fotokopi, nauli ya treni mpaka Lubumbashi, simu, na zaidi ya yote pesa ya avoka anayeweza kufuata dosiye Kinshasa, juu ya mtu wa Kamina hawezi kupanda ndege kwenda kuuliza kama faili imetoka kwenye meza moja kwenda nyingine. Ofisi za mashauri ya bure za mabaro zinasaidia kusoma dosiye, na tunazitumia. Safari hazilipi. Na musituulize mwisho wa mwaka ni wangapi wameshinda. Tuulizeni ni barua ngapi zimepokelewa kabla ya miezi mitatu kuisha.

Kwa wanachama: nitakuwa hapa Jumanne na Alhamisi, asubuhi. Leteni karatasi zote, hata zile mvua iliharibu, hata zile munaona hazina maana: fomu za HCR, kadi za matibabu, picha za uniforme zenye tarehe nyuma. Wajane waje pia na karatasi za bwana zao. Mwenye ana karatasi aliyopewa mwaka huu asingoje Alhamisi, aje Jumanne. Na yule asiyejua kusoma aje na mtoto wake anayejua, si na jirani.