Faida ya Ushirika Imetoka Mfukoni mwa Nani?

Ndugu msikilizaji, juma hili nina barua kutoka Same. Aliyeiandika ni kijana anayejisomea mwenyewe mambo ya fedha za makampuni, jioni baada ya kazi, kwa vitabu vya kuazima. Anasema amefikia sura inayoeleza kwamba shabaha ya kampuni ni kuwaongezea utajiri wenye hisa, na kwamba utendaji wake hupimwa kwa faida ikilinganishwa na mtaji. Akafunga kitabu, akamsindikiza baba yake kwenye mkutano wa ushirika wao wa kahawa. Viongozi walitangaza faida, wakapigiwa makofi. Lakini wazee walioshuka kutoka milimani hawakupiga. Walitoka nje wakinung'unika. Hesabu zenyewe zitajadiliwa mwezi ujao. Anauliza: kati ya kitabu na wazee, nani amekosea?

Nimeisoma barua hiyo mara tatu. Nianze kwa kukitetea kitabu.

Chukua maduka mawili pale stendi ya Same, nasema kwa mfano tu. Kila moja lina mtaji wa shilingi 2,000,000. La kwanza linauza sukari, sabuni na mafuta ya taa. Katika kila shilingi 100 za mauzo mwenye duka anabakiwa na 5 tu. La pili linauza vifaa vya ujenzi, na katika kila shilingi 100 linabakiza 20. Ukiwauliza wapita njia, wengi watasema wa pili ndiye tajiri. Haya, tufungue daftari. Wa kwanza ameuza kwa mwaka mzima shilingi 24,000,000, maana sukari haikai. Faida yake ni 1,200,000. Wa pili ameuza 2,500,000, faida yake 500,000. Kwa mtaji ule ule, muuza sukari amepata asilimia 60, mwenzake asilimia 25. Siri ni mzunguko. Mtaji wa kwanza umezunguka mara 12, wa pili mara moja na robo.

Hesabu hii ya kuzidisha faida ya kila shilingi kwa idadi ya mizunguko ilienea kutokea kampuni ya DuPont ya Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Aliyeitengeneza, Donaldson Brown, alikuwa amesomea uhandisi wa umeme, wala si uhasibu. Nalitaja hilo kwa ajili ya kijana wangu wa Same, asije akadhani milango hii ni ya wenye vyeti pekee. Na muuza sukari hajamsikia Brown maisha yake yote, ila anaijua hesabu hiyo vidoleni.

Kitabu pia kinafundisha tofauti ya mizania na hesabu ya mapato, jambo linalowatatiza wanafunzi wengi. Kwa mtu wa Upare halina haja ya kutatiza. Wazee wa milima ile walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukinga maji ya vijito usiku, yakafunguliwa asubuhi kumwagilia mashamba kwa zamu. Mizania ni kina cha maji ndani ya ndiva siku moja, saa moja, ulipochovya fimbo. Hesabu ya mapato na matumizi ni habari ya maji yaliyoingia na kutoka mwaka mzima. Mtu akikuambia ndiva ilijaa tarehe 31 Desemba, hajakuambia kama mashamba ya chini yalipata maji mwezi Agosti.

Sasa turudi kwenye ushirika. Vitabu hivi vinavyosomwa sana huku kwetu, kina Frank Wood wa Uingereza kwa uhasibu na Pandey wa India kwa usimamizi wa fedha, vinazungumzia kampuni ambamo mwenye hisa ni mtu mmoja na anayeuza malighafi ni mwingine. Wenye kiwanda cha bia si wakulima wa shayiri. Kwa hiyo kiwanda kikinunua shayiri kwa bei ya chini, mwenye hisa hufurahi, na kitabu hakioni ajabu. Katika ushirika wa kahawa, anayeleta kahawa ndiye mwenye mali. Mkono wa kulia unauza, wa kushoto unanunua.

Tupige hesabu, kwa tarakimu za kubuni. Tuseme ushirika umekusanya kilo 100,000. Kwenye mnada wa Moshi imepatikana shilingi 6,000 kwa kilo. Tuuache kwa leo uzito unaopungua maganda yanapoondolewa. Mkulima amelipwa 4,200 kwa kilo. Gharama za magari, magunia, kukoboa, mishahara, posho za vikao na riba ya benki zimekula 1,600. Imebaki 200, mara kilo 100,000, hiyo ni shilingi 20,000,000. Hiyo ndiyo faida iliyopigiwa makofi.

Lakini viongozi wale wale wangeweza kuwalipa wakulima 4,400 tangu awali, na faida ingekuwa sifuri. Utendaji ungekuwa umebadilika? Hata kidogo. Gari ni lile lile, mnada ni ule ule. Kinachobadilika ni mfuko tu. Kinyume chake, viongozi wangelipa 3,900 wakatangaza faida ya milioni 50, na makofi yangekuwa makubwa zaidi. Faida ya ushirika, ikisimama peke yake, ni uamuzi wa kikao. Tarakimu inayoeleza kazi ilivyofanyika ni ile 1,600. Mwaka juzi ilikuwa ngapi? Ushirika wa jirani unatumia ngapi kwa kilo? Humo ndimo mnamojulikana kama gari linatembea na mzigo au linatembea na watu.

Hadi hapa naona wazee wana hoja, na bado hatujafika penye uchungu wenyewe.

Kijana ameandika mstari mmoja, kama mtu anayetaja jambo dogo, kwamba malipo yalikuja kwa mafungu mawili na fungu la pili lilichelewa. Hakusema kwa muda gani. Tuchukue miezi sita, na tuchukue kwamba nusu ya zile 4,200 ndiyo iliyosubiri, yaani 2,100. Katika miezi hiyo shule zilifunguliwa. Mkulima akaenda kukopa, tuseme kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi. Asilimia 2 kwa miezi sita ni 12. Asilimia 12 ya 2,100 ni shilingi 252 kwa kila kilo.

Faida iliyotangazwa ilikuwa 200.

Umeona, ndugu msikilizaji? Mkulima aliukopesha ushirika wake kahawa kwa miezi sita bila riba, akalipa riba yeye mwenyewe kwa mkopeshaji, kisha akaitwa ukumbini kusherehekea kiasi kidogo kuliko alicholipa. Katika vitabu vya ushirika riba ile haimo popote, kwa sababu haikupita mikononi mwa mhasibu. Ilipita nyumbani. Mkaguzi wa COASCO, shirika lililoundwa 1982 kukagua vyama vya ushirika, anaweza kuzikagua hesabu hizo leja kwa leja, stakabadhi kwa stakabadhi, akazikuta safi kabisa, na atakuwa amesema kweli.

Hapo ndipo kitabu kinapomgeukia mwenye kukisoma nusu. Sura ya gharama ya mtaji, aghalabu katikati ya kitabu, inaeleza kwamba hakuna fedha ya bure. Kila anayengojea analipia kungojea kwake, na faida ya kweli ni ile inayobaki baada ya kuwalipa wote waliongojea. Watani wa Wapare husema Mpare yu tayari kuuza ng'ombe apate gharama za kesi ya kuku. Ni utani tu, lakini kampuni inayokopa kwa riba ya asilimia 18 ili ipate faida ya 12 nayo iko kwenye kesi ya kuku, hata kama mkurugenzi wake amevaa tai. Kitabu, basi, hakikukosea. Ila kimeandikwa mahali ambapo soko la hisa huifanya hesabu hiyo kila siku kwa niaba ya msomaji. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua tarehe 15 Aprili 1998, kwa hisa za kampuni moja tu, TOL. Kampuni ikilegea, bei ya hisa yake husema. Ushirika wa milimani hauna bei inayobandikwa ubaoni. Unao mnung'uniko wa wazee nje ya ukumbi.

Na mnung'uniko wa Same usidharauliwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 ililetwa kodi Upare, ikaitwa mbiru, iliyomtoza kila mtu kwa kadiri ya mali yake kama ilivyokadiriwa. Katika karatasi ilikuwa kodi ya haki: mwenye kingi alipe zaidi. Mwaka 1945 watu kwa maelfu walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao makuu ya wilaya, na baadaye wanawake nao wakajitosa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria wa huko huko, aliandika kitabu juu ya habari hizo, kilichotoka 1971. Hatimaye kodi hiyo ikaondolewa. Watu wale kulipa kodi walikuwa wamekwisha kuzoea. Kilichowatoa majumbani ni kukadiriwa, kupimwa mali yako kwa kipimo usichoweza kukifuata hatua kwa hatua ukajua tarakimu imetoka wapi.

Neno kwako sasa, kijana wangu, kuhusu kusoma. Usisome sura kumi mfululizo. Soma moja, kisha tafuta hesabu za kweli uifanyie kazi. Mabenki yetu yanawajibika kuchapisha taarifa zao magazetini kila robo mwaka. Kata moja, ibandike daftarini, na robo inayofuata bandika nyingine kando yake. Tarakimu moja haisemi kitu, mbili zinaanza kuzungumza. Na kila ukikutana na faida, iulize fedha taslimu iko wapi, maana kampuni ya Enron ya Marekani ilikuwa ikitangaza faida kubwa hadi mwaka ule ule wa 2001 ilipofilisika.

Kuhusu mkutano wa mwezi ujao, usiende na kitabu. Watakuona mtoto wa shule na hawatakusikiliza. Mwombe baba yako akutafutie stakabadhi za mizani za msimu mzima, na zile za malipo ya pili, zote zenye tarehe. Hesabu siku zilizopita kati ya stakabadhi ya kwanza na ya mwisho. Zidisha kwa riba aliyolipa mzee wako, hiyo anaikumbuka bila kuandikiwa. Kisha mpe baba karatasi hiyo asome yeye, kwa maana mwanachama ni yeye.