Zawadi kwa Mlinda Mlango



Mwezi Mei mwaka 1985, timu mbili za kandanda za kaskazini ya London, Arsenal na Tottenham Hotspur, ziliingia katika uwanja wa Highbury kucheza mchezo usiokuwa na kombe wala pointi. Timu hizo ni mahasimu wa tangu zamani. Siku hiyo, hata hivyo, zilikutana kwa ajili ya mtu mmoja, golikipa Pat Jennings wa Ireland ya Kaskazini, ambaye ndiye aliyekusudiwa kupewa mapato ya mlangoni. Lililo nadra zaidi ni kwamba alikwisha kufanyiwa heshima hiyo mwaka 1976, alipokuwa Tottenham, na timu iliyoalikwa wakati ule ilikuwa Arsenal hiyo hiyo.

Desturi hii ina asili yake. Kwa miaka mingi vilabu vya Uingereza vilikatazwa kumlipa mchezaji zaidi ya kiwango kilichowekwa, na mpaka kiwango hicho kilipofutwa mwaka 1961, mchezaji hodari kuliko wote hakuweza kupata mshahara wa zaidi ya paundi 20 kwa wiki. Mtu aliweza kutumika miaka kumi, kisha akaondoka na magoti mabovu na mfuko mtupu. Ndipo klabu ilipomwandalia mchezo mmoja, watu wakalipa kiingilio, naye akapewa mapato.

Mwaka 1927 Baraza la Malodi, ambalo wakati huo lilikuwa ndilo mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, liliamua kesi ya James Seymour, mchezaji kriketi wa Kent. Liliamua kwamba fedha alizopata kwa njia hiyo hazikustahili kutozwa kodi ya mapato, kwa kuwa hazikuwa ujira wa kazi bali zawadi ya watu. Tofauti hiyo kati ya ujira na zawadi ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Ujira ni haki ya mtu, naye anaweza kuudai. Zawadi hutegemea moyo wa mtoaji, na hakuna awezaye kuidai.

Maisha ya Jennings yanaonyesha jambo hilo waziwazi. Alijiunga na Tottenham mwaka 1964, akalinda lango lake kwa miaka 13. Alisifika kwa utulivu, na kwa mikono mikubwa iliyoweza kuudaka mpira wa juu kwa mkono mmoja. Mwaka 1976 watu walikuja uwanjani kumshangilia. Mwaka uliofuata Tottenham ilishuka daraja, na viongozi wa klabu wakamwuza kwa Arsenal kwa paundi 45,000, wakiamini kuwa mtu wa miaka 32 amekwisha. Hesabu hiyo haikuwa sahihi. Alicheza Arsenal kwa miaka minane, akatwaa Kombe la F.A. mwaka 1979, na mwezi Februari mwaka 1983 akawa mchezaji wa kwanza katika kandanda ya Uingereza kutimiza michezo 1,000 ya daraja la juu. Makofi ya mwaka 1976 hayakumlinda dhidi ya uamuzi wa mwaka 1977.

Askari atayaelewa hayo upesi kuliko mtu mwingine, kwa maana kazi ya golikipa ni kazi ya lindo. Mfungaji hukumbukwa kwa bao moja, bali mlinzi hutajwa siku adui alipopenya. Usiku uliopita salama hauandikwi gazetini.

Kuna jambo jingine linalowahusu walinzi wa usalama. Jennings, Mkatoliki, alizaliwa mwaka 1945 katika mji wa Newry, karibu na mpaka wa Jamhuri ya Ireland. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sitini hadi mapatano ya mwaka 1998, vita kati ya waliotaka kubaki chini ya Uingereza, wengi wao Waprotestanti, na waliotaka kuungana na Ireland, wengi wao Wakatoliki, viliua watu wapatao 3,500. Kuna wakati timu ya taifa ya Ireland ya Kaskazini ililazimika kuchezea michezo yake ya nyumbani katika miji ya Uingereza. Tarehe 28 Februari 1985, makombora ya I.R.A. yalianguka katika kituo cha polisi cha Newry na kuua polisi tisa. Haikupita hata miezi mitatu, mwana wa mji huo akashangiliwa Highbury.

Katika timu hiyo ya taifa watu wa madhehebu yote mawili walivaa jezi moja. Tarehe 25 Juni 1982, huko Valencia, waliwashinda wenyeji Hispania bao 1 kwa 0 katika Kombe la Dunia, ingawa walibaki wachezaji kumi katika kipindi cha pili. Nyuma yao alisimama Jennings, na waliogawanyika mitaani walimshangilia pamoja. Kandanda haikumaliza vita vile. Lakini iliwaonyesha watu wa pande zote mbili kwamba mlinzi mmoja aweza kuaminiwa na wote, iwapo anawalinda wote sawasawa.

Jennings aliichezea nchi yake mara 119. Mchezo wake wa mwisho ulikuwa dhidi ya Brazil, tarehe 12 Juni 1986, siku alipotimiza miaka 41.

Kumshangilia mtumishi wa miaka mingi ni jambo jema, na taifa lisilojua kushukuru ni taifa maskini. Lakini sherehe haiwezi kushika nafasi ya kiinua mgongo, wala hotuba ya kuaga haiwezi kushika nafasi ya pensheni inayolipwa kwa wakati. Mwenye kulinda apewe kwanza haki yake yote. Kisha watu, kwa hiari yao, na wamwongeze zawadi.