Kuta Zilizoshuhudia: Makumbusho na Athari za Kale za Arusha na Meru



Apitaye mjini Arusha asubuhi katika miezi ya kiangazi hakosi kuona magari ya watalii yakifuatana kuelekea Ngorongoro na Serengeti, na mji wetu ukabaki kama bandari ya nchi kavu, pahali pa kulala usiku mmoja na kununua maji ya safari. Sina ugomvi na misafara hiyo, kwani riziki ya wengi wetu imo ndani yake. Ila yanihuzunisha kuwa mgeni, na hata mtoto aliyezaliwa Kaloleni au Usa River, aweza kupita mara mia mbele ya nyumba zilizoshuhudia mambo makubwa pasiwe na mtu wa kumweleza yaliyojiri humo. Haja yangu katika mada hii ni moja: makumbusho ya hapa kwetu yaanze na habari za kuta zake yenyewe, kisha ndipo yaonyeshe vilivyomo makabatini.

Tulitazame Boma la Arusha, ambalo tangu mwaka 1987 ni Makumbusho ya Elimu Viumbe. Mgeni huingia akaonyeshwa wadudu waliokaushwa na mifano ya mafuvu ya watu wa kale, akasimuliwa safari ndefu ya mwanadamu. Nayo ni elimu adhimu, maana mkoa huu huu ndimo limo bonde la Oldupai, ambako Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus tarehe 17 Julai 1959, na ndimo imo Laetoli, zilikopatikana mwaka 1978 nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Siku moja nilimwona mwanafunzi wa shule ya msingi, hapo uani, akipitisha kidole juu ya ukuta uliopakwa chokaa. Kidole kikatoka na unga mweupe, akakitazama kitambo, akakifuta kwenye sweta lake, na mwalimu akamwita awahi chumba cha wadudu. Tangu siku ile nimekuwa nikiufikiri ukuta ule.

Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akheri, na Wadachi waliokuwa Moshi wakaja na askari wao pamoja na mashujaa wa Kichagga kulipiza kisasi, wakachoma nyumba na kuteka ng'ombe. Nchi ilipokwisha kutiishwa, Boma likasimamishwa kwa mikono ya Waarusha na Wameru waliotumikishwa kwa nguvu. Na tarehe 2 Machi 1900, huko Moshi ya Kale, wakanyongwa watawala na wakuu 19 wa upande huu wa kaskazini, miongoni mwao Mangi Meli wa Moshi na Mangi Lobulu wa Meru. Mifupa ya watu wengi wa nchi hizi ilisafirishwa Ujerumani ikafanywa vifaa vya uchunguzi. Na mwaka 2023 watunzaji wa makusanyo ya Berlin walitangaza kuwa upimaji wa vinasaba umethibitisha undugu wa baadhi ya mafuvu hayo na jamaa walio hai Kilimanjaro. Basi iwapo fuvu laweza kutambuliwa na wajukuu wake baada ya zaidi ya karne moja, sioni udhuru wa ukuta kukaa kimya.

Ukumbi wa Kaloleni, ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Januari 1967 ikapitisha Azimio la Arusha, na ambao tangu 1977 ni makumbusho ya Azimio hilo, una bahati yake, kwa kuwa habari na kuta ni kitu kimoja. Sina haja ya kukawia hapo.

Nitakawia Engare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwafukuza huko Wameru wapatao 3,000, ili pawe na ukanda mmoja wa mashamba ya walowezi baina ya Meru na Kilimanjaro. Nyumba zikatiwa moto, na watu wakatolewa katika ardhi yao wakiitazama ikiungua. Wameru hawakushika mikuki. Walichangishana fedha, shilingi kwa shilingi, wakamtuma Kirilo Japhet, naye pamoja na wakili Earle Seaton wakafika New York mwaka 1952 kuueleza Umoja wa Mataifa dhuluma waliyotendewa, maadamu Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wake. Kura za kuwatetea hazikutimia theluthi mbili katika Baraza Kuu, na ardhi haikurejeshwa siku zile. Lakini Kirilo aliporudi alitembea mikoani akisimulia, na masimulizi yake yakawa kuni katika moto wa siasa uliozaa TANU mwaka 1954. Leo gari la mtalii hupanda kutoka Usa River hadi lango la Momella, mgeni akaonyeshwa heroe ziwani na kilele cha Meru juu ya mawingu, na mashamba ya Engare Nanyuki yako hapo hapo jirani.

Aliyeuona moto ule akiwa na umri wa miaka kumi sasa amepita themanini. Kwa hiyo naomba, kabla hatujaandika barua ya kutafuta fedha za makabati mapya, tuwaendee wazee hao majumbani mwao, Engare Nanyuki na Akheri na Poli, tuketi nao na kunasa sauti zao kwa Kimeru chao wenyewe, na nakala moja ibaki kijijini katika shule iliyo karibu. Na pale Bomani, mlangoni mgeni anapokata tiketi, liandikwe jina la Lobulu kwa herufi kubwa, na chini yake habari ya waliobeba mawe, kwa Kimeru, kwa Kimaasai na kwa Kiswahili, kwa kimo cha macho ya mtoto wa darasa la nne.