Mama Maria katika Sala za Wakristu wa Kwanza
Mada kwa wanakwaya na waamini katika Jubilei ya Fedha ya kwaya yetu





Kwa miaka 25 tumemwimbia Mama Maria kila Mei na kila Oktoba, kwenye arusi na kwenye mazishi. Na ni kwenye mazishi hasa swali hutufikia. Usiku wa matanga tunapoanza Rozari, majirani wa makanisa mengine hunyamaza, na kukicha mmoja wao hutuuliza kwa upole: jambo hili la kumwomba Maria mlilitoa wapi? Wengine hutuambia kwamba lilibuniwa na mapapa karne nyingi baada ya mitume. Vijana wetu wameulizwa hivyo shuleni wakakosa jibu, na baadhi yao hawako nasi tena. Ndiyo maana tumeona vyema, katika Jubilei hii, tujue wimbo tunaouimba umetoka wapi.

Tuanze na Maandiko. Katika Injili ya Luka, sura ya kwanza, malaika alimsalimu Maria, kisha Elizabeti, akiwa amejazwa Roho Mtakatifu, akamwita mbarikiwa. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria imetokana na salamu hizo mbili. Nusu ya pili ilikua polepole, ikathibitishwa katika kitabu cha sala kilichotolewa na Papa Pio V mwaka 1568. Hatuna haja ya kulificha hilo. Maneno hayo ni ya baadaye, lakini desturi ya kumwomba Mama wa Bwana atusaidie ni ya kale zaidi sana.

Ushahidi mmoja umehifadhiwa mjini Manchester, Uingereza, katika maktaba ya John Rylands. Ni kipande cha mafunjo, urefu wake kama sentimita 18 na upana kama 9, kilichonunuliwa Misri mwaka 1917. Maandishi yake ya Kigiriki yalichapishwa na mtaalamu C. H. Roberts mwaka 1938. Kipande kimechakaa na herufi nyingine zimepotea, lakini waliokisoma waliitambua sala yenyewe. Ni ile sala fupi ambayo wengi wetu tulifundishwa utotoni, ya kuukimbilia ulinzi wa Mama Maria. Kwa Kilatini huitwa Sub tuum praesidium.

Je, kiliandikwa lini? Wataalamu hawakubaliani. Wapo waliosema karne ya tatu, Roberts mwenyewe aliona karne ya nne, na wengine wa siku hizi wanakiweka mbele zaidi. Basi tusisimamishe nyumba nzima juu ya nguzo moja. Tutazame pia ni nani wanaoisali sala hiyo leo. Tunaisali sisi Wakatoliki. Wanaisali Wakristu wa Kopti wa Misri, ambao walitengana nasi baada ya Mtaguso wa Kalsedoni mwaka 451. Wanaisali Waorthodoksi wa mapokeo ya Kigiriki, ambao utengano wetu nao huhesabiwa tangu mwaka 1054. Ndugu waliogawana shamba zamani wakikutwa wote wana mbegu ya aina moja, mzee yeyote atakuambia kwamba mbegu hiyo huenda ilitoka ghalani mwa baba yao.

Mashahidi wengine wapo. Karne ya pili, Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, ambaye ujanani mwake alimsikiliza Polikarpo, alifundisha kwamba utii wa Maria ulifungua kile kilichofungwa na uasi wa Eva, na akamwita Maria mtetezi wa Eva. Mwaka 379, Mtakatifu Gregori wa Nazianzo, akihubiri mjini Konstantinopoli, alisimulia habari za msichana Justina aliyemlilia Bikira Maria amsaidie alipokuwa hatarini. Tuangalie vizuri: Gregori hakusimama kuwaeleza watu kwa nini msichana huyo alimwomba Maria. Aliitaja tu kama jambo ambalo wasikilizaji wake wangelielewa.

Kwetu sisi wanakwaya yupo shahidi wa karibu zaidi, naye ni Mtakatifu Efremu wa Siria, shemasi, aliyefariki mwaka 373. Alitunga tenzi nyingi, na katika zile za Noeli anamtaja Maria tena na tena. Mapokeo ya Kanisa la Siria yanasema aliwafundisha wanawake kuziimba kanisani, kwa sababu aliona kwamba imani hukaa moyoni inapoingia kwa wimbo. Papa Benedikto XV alimtangaza Mwalimu wa Kanisa mwaka 1920. Wanakwaya hao wa kale, waliomwimba Mama wa Mkombozi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita, ndio dada zetu wakubwa.

Halafu ukaja ubishi. Mwaka 428 Nestori alifanywa Askofu wa Konstantinopoli. Yeye hakutaka Maria aitwe Teotokos, yaani Mzazi wa Mungu. Aliona inatosha kumwita Mama wa Kristu. Lakini jina hilo lilikuwa tayari limezoeleka. Askofu Aleksanda wa Aleksandria alilitumia katika barua yake ya mwaka 324 hivi. Maaskofu walikutana Efeso mwaka 431, chini ya uongozi wa Mtakatifu Sirili wa Aleksandria, wakalitetea. Sirili aliandika kwamba watu wa mji walisubiri kutwa nzima, na usiku wakawasindikiza maaskofu kwa mienge hadi walikolala. Ubishi ule kwa kweli ulimhusu Yesu. Kama aliyezaliwa na Maria ni Mungu kweli, basi mama yake ni Mama wa Mungu. Ukimpunguza mama kwa jina hilo, umempunguza na Mwana.

Wazee hao hao walijua pia mpaka uko wapi. Karne ya nne, Askofu Epifanio alisikia kwamba kuna kundi la wanawake waliomtolea Maria mikate kama sadaka. Aliwakemea vikali. Alifundisha kwamba Maria apewe heshima, bali anayeabudiwa ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Jirani anapotuuliza kama tunamwabudu Maria, jibu letu lina umri wa zaidi ya miaka 1,600: hapana. Akitukumbusha kwamba mpatanishi ni mmoja, Kristu Yesu, tumwambie ni kweli, na tufungue naye barua ya kwanza kwa Timotheo, sura ile ile ya pili. Inaanza kwa kuwataka waamini waombeane. Kuombeana hakumwondoi Kristu katikati. Na kitabu cha Matendo, sura ya kwanza, kinapomtaja Maria kwa jina, kinatuonyesha akisali pamoja na mitume.

Sasa turudi kwenye kile kipande cha mafunjo. Sala ile haisemi "mimi". Inasema "sisi". Wanaosali wako katika dhiki, wanaomba waokolewe na hatari, nao wanaomba kwa pamoja. Kanisa la Misri lilijua mateso makali. Wakopti hadi leo huhesabu miaka yao kuanzia mwaka 284, Kaisari Dioklesiano alipoanza kutawala, nao huuita mwaka wa Mashahidi. Tangu zamani, basi, sala kwa Mama Maria ilikuwa sauti ya jumuiya nzima. Hiyo ndiyo kazi ya kwaya. Tunapoimba kwenye matanga, tunamsemea mjane ambaye koo lake limekauka kwa kilio.

Kwa hiyo, katika miaka 25 ijayo tujipe kazi tatu. Kwanza, wimbo mpya wa Mama Maria usipewe noti kabla maneno yake hayajasomwa pamoja na Baba Paroko, ili tusimwombe Maria kile ambacho ni cha Mungu peke yake kutoa. Pili, kila wimbo wake utufikishe kwa Mwanawe, kama yeye mwenyewe alivyowaelekeza watumishi kule Kana. Tatu, anayejiunga na kwaya afundishwe habari hizi pamoja na soprano, alto, teno na besi, ili akiulizwa asikimbie wala asigombane, bali ajibu kwa upole na kwa hakika.

Mungu awabariki nyote, na Mama Maria atuombee. Jubilei njema!