USITIE SAHIHI KARATASI YA KUACHA KAZI
(Maneno ya mwanachama wetu wa Reli katika mkutano wa tawi, Kisumu)



Mimi si mwanasheria, shule yangu ni ya misheni, nikaishia darasa la nane. Lakini sisi watu wa Reli twajua habari ya kubadilishiwa tajiri. Tarehe 1 Novemba 2006 treni zilitiwa mikononi mwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mapatano ya miaka 25. Mwaka 2017 zikarudi Kenya Railways.

Leo nasema habari ya shemeji yangu. Alifanya kazi miaka 11 katika kiwanda kimoja huku kando ya ziwa. Kiwanda kilipouzwa, karani alipita na karatasi zilizokwisha pigwa chapa: "Naacha kazi kwa hiari yangu." Wakaambiwa asiyetia sahihi hatachukuliwa na tajiri mpya. Akatia. Akalipwa siku alizofanya na livu yake, basi.

Sheria ya Ajira ya 2007 yasemaje? Anayeacha kazi mwenyewe hupata hayo hayo, na cheti cha kazi. Tena lazima atoe notisi, siku 28 kwa mtu wa mshahara wa mwezi, isipokuwa mkataba umetaja zaidi. Lakini anayepunguzwa kazini bila kosa lake huongezwa notisi ya mwezi mmoja au fedha zake, na malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Hesabuni: 15 mara 11 ni mshahara wa siku 165. Zote zililiwa na kalamu moja.

Zikiuzwa hisa tu, kampuni ni ile ile na miaka yenu yaendelea. Kikiuzwa kiwanda chenyewe, sheria yetu haiwahamishi watu pamoja na mashine. Ama tajiri wa zamani awapunguze na kuwalipa, naye apeleke habari kwa maandishi kwa Chama na kwa Ofisa wa Kazi mwezi mmoja mbele. Ama yule mpya aandike kwamba aipokea miaka yenu, nanyi mkubali.

Kwa hiyo ukipewa karatasi, sema utaisoma kwanza, kisha ilete ofisini.

Ndugu mmoja ameniuliza, na aliyekwisha tia sahihi? Aliyelazimishwa aweza kudai katika Mahakama ya Ajira hapa Kisumu, ila asingoje miaka mitatu ipite. Shemeji yangu ametimiza miwili mwezi huu, kwenye mashine ile ile, akihesabiwa mgeni. Jumatatu nampeleka kwa Katibu.