Harufu ya Sigara Ndani ya Nyumba na Namna ya Kuitoa

Mazungumzo haya niliyatoa kwanza mbele ya akina mama waliokuja kupima watoto uzito. Baadhi yao waliomba yaandikwe wakawasomee walio nyumbani, kwa hiyo nayaweka hapa karibu kama nilivyoyasema.

Familia inapopewa nyumba iliyoachwa na wengine waliopata safari, jambo la kwanza inaloangalia ni paa, kama linavuja. Halafu mlango, kama unafungika. Harufu haitazamwi. Huja yenyewe usiku, mlango ukishafungwa na watu wamelala. Mwenye nyumba wa kwanza alivuta sigara humo miaka mingi; yeye ameshaondoka, moshi wake umebaki. Na kuna nyumba nyingine ambazo hakuna aliyehama: baba bado yupo, sigara bado zipo, na mama anafua blanketi kila wiki akishangaa mbona haziishi kunuka.

Wengi huchoma ubani au hunyunyiza manukato. Kwa saa chache nyumba hunukia vizuri, kisha harufu mbili huchanganyika na kuwa mbaya kuliko ile moja ya kwanza. Sababu ni kwamba ubani hauondoi kitu. Moshi wa sigara si hewa tupu. Ndani yake mna lami nyepesi sana na mna nikotini, na vyote viwili hushika kila vinapofika: ukutani, kwenye shitingi, kwenye nywele, ndani ya godoro. Ukitaka kuamini, chukua kitambaa cheupe chenye maji ya moto na sabuni, upanguse shitingi kwa ndani, juu ya pale mvutaji alipokuwa analala. Kitambaa kitatoka na rangi ya chai. Hicho ndicho kinachonuka, na siku ya mvua, nyumba ikiwa na unyevu, kinanuka zaidi.

Tena si suala la pua peke yake. Wataalamu wa afya wamehesabu katika moshi wa tumbaku kemikali zaidi ya 7,000, na kadhaa kati yake huleta saratani. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, walionyesha kuwa nikotini iliyobaki ukutani na kwenye vitu haikai kimya: ikikutana na hewa chafu ya aina fulani iliyomo ndani ya nyumba, hutengeneza sumu mpya zinazohusika na saratani. Sasa mfikirieni mtoto wa miezi minane. Anatambaa kwenye mkeka, anatia mkono mdomoni, ananyonya pembe ya blanketi. Yeye hajawahi kushika sigara, lakini masalio yake yanamfikia kwa mdomo na kwa ngozi.

Mama mmoja aliniuliza: "Mwanangu, sisi tunapika kwa kuni, nyumba nzima ni moshi. Huo wa sigara utaongeza nini?" Ni swali la haki. Moshi wa kuni nao ni mbaya, unaharibu vifua vya watoto, na kupikia nje au kwenye jiko la kibanda cha pembeni ni jambo la kufanya. Lakini mtu aliyebeba mzigo mzito hafai kuongezewa mwingine. Kifua cha mtoto ambacho tayari kinapigana na moshi wa kuni ndicho hasa kisichotakiwa kupata wa tumbaku.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Ngojeni siku ya jua na upepo. Kiangazi ndicho kinafaa kuliko masika, maana vitu vizito visipokauka vizuri hupata ukungu, na mtakuwa mmebadilisha harufu kwa harufu. Toeni kila kitu nje, hata kile kinachoonekana hakinuki. Fungueni mlango na dirisha tangu asubuhi.

Ukuta wa tofali za udongo hauoshwi. Ukiumwagia maji unabomoka, na harufu inaingia ndani zaidi. Kwangua tabaka la juu kwa jembe au panga butu, jifunge kitambaa puani, na hilo vumbi ulitupe mbali na mahali watoto wanapochezea. Kisha kandika upya. Udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga laini unashika vizuri. Mkipata chokaa, pakeni juu yake. Kama hakuna, udongo mweupe unatosha. Sakafu ya udongo fanyeni hivyo hivyo. Msilale humo mpaka pakauke. Shitingi ya paa ipanguseni kwa ndani, maji ya moto na sabuni, mara mbili au tatu, mkibadilisha maji kila yanapokuwa ya kahawia. Ukimwaga yale yale tena unarudisha lami ulipoitoa. Paa la nyasi haliwezekani kufuliwa. Sehemu iliyo juu ya kitanda cha mvutaji ndiyo ya kubadilisha kwanza mtakapoezeka.

Meza, mlango, nguzo na sanduku vinapanguswa kwa maji ya moto yaliyoyeyushwa magadi, yale yale tunayotia kwenye maharage. Yanakata lami vizuri kuliko sabuni peke yake. Msiyatumie kwenye sufuria za alumini, zitakuwa nyeusi, wala kwenye kitenge mnachokipenda, rangi itatoka. Nguo loweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni, suuza, na maji ya mwisho tia ndimu mbili tatu. Anika juani. Kama bado inanuka rudia, usiifungie kwenye sanduku na nyingine.

Blanketi nene tunazogawiwa ndizo ngumu. Likiloa, mtu mmoja haliwezi. Liosheni wawili, mlikamue kwa kulisokota kila mmoja upande wake, mlitandaze juu ya nyasi au mawe safi, mligeuze mchana. Godoro la sponji msilitie kwenye maji hata kidogo, kwani ndani halitakauka wiki nzima. Vueni foronya yake mkaifue, halafu godoro lenyewe lisimamisheni nje penye upepo siku tatu nne, mkilirudisha ndani jioni kabla ya umande. Harufu itapungua sana. Sitawadanganya kuwa itaisha yote. Godoro lililovutiwa sigara miaka kumi, kama mnaweza kupata jingine, lisiwe la mtoto.

Vipande vya mkaa mkavu vilivyofungwa kwenye kitambaa na kuwekwa ndani ya sanduku husaidia kunywa harufu iliyobaki. Nasema mkaa mkavu, usiowashwa. Kuna watu huwasha jiko la mkaa ndani, wakafunga mlango, ili nyumba ikauke na harufu itoke. Hilo ni hatari kuliko sigara zote. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Vilevile dawa ya klorini tunayotumia kusafishia vyombo msiichanganye na ndimu, wala siki, wala mkojo. Hutoa hewa inayochoma mapafu. Kwa kazi hii ya harufu haihitajiki kabisa.

Sasa chandarua, na hapa naomba mnisikilize, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu. Chandarua kinashika moshi kama nywele. Mama anasikia harufu, anakifua kwa sabuni kali ya unga, anakisugua, anakianika juani kutwa. Harufu imetoka. Dawa ya mbu nayo imetoka au imedhoofika, na mtoto anapona kikohozi akipata malaria. Vyandarua vyenye dawa ya kudumu vimetengenezwa kustahimili kufuliwa kama mara 20, lakini kwa utaratibu: maji baridi, sabuni ya mche ya kawaida, kukitumbukiza na kukikamua taratibu bila kukisugua, kisha kukianika kivulini. Kisifuliwe mara nyingi zaidi ya mara moja kwa miezi mitatu. Maji yake yamwagwe chooni au kwenye shimo, si mtoni wala kisimani, maana dawa hiyo huua samaki. Katikati ya miezi hiyo, kama kinanuka, kitundike nje kivulini penye upepo mchana, kirudi kitandani kabla ya giza. Msikubali kulala bila chandarua hata usiku mmoja kwa ajili ya harufu.

Kazi hii yote ni ya siku tatu, na anayevuta ndani anaweza kuiharibu kwa jioni moja. Ndiyo maana lazima tuseme na wazee wetu. Mimi ni mdogo kwa umri, sina mamlaka ya kumwambia baba wa mtu aache kitu alichoanza kabla sijazaliwa. Lakini nimeona nyumba ambazo jambo hili limewezekana bila ugomvi. Mama hakusema "acha sigara". Alimwekea mzee kiti chake nje, upande usio na upepo wa kuingia mlangoni, na kopo lenye mchanga la kuzimia, na akawafundisha watoto wampelekee chai huko huko. Mzee akapata baraza lake, wenzake wakaanza kumfuata kwa mazungumzo. Kwa desturi zetu, neno linalotoka kwa mkwe au kwa rafiki wa rika lake huwa linasikika zaidi kuliko la mke au la kijana. Basi mtumieni huyo. Kusimama mlangoni na kupulizia nje hakutoshi, moshi unarudi ndani. Anayetoka kuvuta anawe mikono na abadili shati kabla ya kumpakata mchanga. Wanaovuta kiko au tumbaku ya kusokota wasidhani hawahusiki, tumbaku ni ile ile. Na atakayekataa kabisa kutoka, basi angalau asivute akiwa amelala: sigara moja ikiangukia chandarua, chini ya nyasi au shitingi, na nyumba zilivyobanana, moto hautaishia kwake.

Mtoto anayekohoa akawa anahema haraka haraka, au kifua kinabonyea chini ya mbavu akivuta pumzi, msingoje nyumba isafishwe. Mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo.

Najua pia sabuni haitoshi. Wengi mtasoma haya mkihesabu vipande vilivyobaki hadi mgao ujao. Basi msianze na ukuta. Anzeni na kile mtoto anachokilalia na kukitia mdomoni: kanga anayobebewa, blanketi lake, mkeka, foronya. Hivyo vinatosha kwa kipande kimoja. Kukwangua na kukandika kunataka udongo na mikono tu, na vijana wa kijiji chenu wanaweza kuombwa kumsaidia mjane au mzee asiyejiweza. Shitingi na meza vitangoja sabuni ya mwezi ujao, maadamu kiti cha mzee kimeshatoka nje.