Mlango wa Nakshi Hauhami Bila Kibali

Ndugu wakazi wa Lamu,

Nyumba ya kale ikibomolewa, mnunuzi huulizia mlango kwanza. Kabla ya kuupakia kwenye mashua au lori, fahamuni hili: Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inalinda mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Hata ukiwa urithi wa babu yako, hauhamishwi bila kibali. Anzia ofisi ya Makumbusho ya Kitaifa hapa mjini.

Mlango mpya je? Safiri na risiti ya fundi, usije ukadhaniwa wa kale. Na mbao zinazotoka msituni zinahitaji kibali cha usafirishaji cha Shirika la Huduma za Misitu, KFS.

Mji wetu wa Kale uliingia katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na milango hii ni sehemu ya sura yake. Pesa za mlango huisha mara moja. Mlango wenyewe ukishavuka maji, haurudi. Kuuliza si ujinga: ulizeni kabla ya kung'oa.